Kalenda, ute, kipimajoto au kijiti cha mkojo: kipi kitakuonyesha siku zako za kushika mimba

Wengi wetu Mombasa tumekua na hesabu moja: mimba hushika siku ya 14. Anayetaka mtoto huambiwa aingoje siku hiyo, asiyetaka huambiwa aikwepe. Hesabu hiyo humfaa mwenye mzunguko wa siku 28 usioyumba, na wanawake wa namna hiyo ni wachache. Mzunguko wa mtu mzima mwenye afya unaweza kuwa wa siku 21 hadi 35, na mwanamke huyohuyo mmoja mwezi huu akapata siku 27 na mwezi ujao 31. Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia yoyote ya kujua siku zako, fahamu kwanza njia hizo zote zinatafuta nini.

Zinatafuta yai. Kila mzunguko, yai moja hupevuka na kutoka kwenye kifuko chake, na likishatoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu za mume ndizo zenye subira: zikikuta ute mzuri kwenye mlango wa kizazi, zinaweza kuishi hadi siku tano zikilingoja yai. Siku hizo tano pamoja na siku yenyewe ya yai hufanya siku sita. Mwaka wa 1995, Allen Wilcox na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti wa wanawake 221 waliokuwa wakitafuta mtoto. Mimba 192 zilishika, na zote zilitokana na tendo la ndoa lililofanyika ndani ya siku sita zinazoishia siku ya yai. Siku ya tano kabla ya yai nafasi ilikuwa kama asilimia 10, ikapanda hadi asilimia 33 siku ya yai lenyewe. Baada ya hapo, hakuna.

Jambo la pili ni kwamba hesabu ya yai huanzia mwisho. Tangu yai kutoka hadi damu inayofuata huwa kama wiki mbili, na kipindi hicho hakibadiliki sana. Kinachorefuka na kufupika ni kile cha mwanzo. Mwenye mzunguko wa siku 35, yai lake hutoka karibu siku ya 21, kwa hiyo siku ya 14 anayoisubiri kwa hamu haina lolote. Mwenye mzunguko wa siku 24, yai lake hutoka karibu siku ya 10, na siku zake za rutuba zinaanza siku ya 5, damu ikiwa bado haijakatika. Huyu akioga josho lake siku ya 7 na kurudi kwa mumewe akiamini kwamba siku za mwanzo baada ya hedhi ni salama, ameingia katikati kabisa ya siku za mimba. Wapo wanaoitwa wazembe kwa mimba ya namna hii, na si haki. Walifuata hesabu waliyofundishwa.

Sasa tuzipambanishe njia zenyewe. Swali litakalozitenganisha ni hili: njia inakupa habari kabla ya yai kutoka, au baada yake?

Kalenda

Hii haina gharama, na mwanamke Mwislamu wa pwani mara nyingi tayari anayo nusu yake. Siku damu ilipoingia na ilipokatika anazijua, kwa sababu swala zake zinazitegemea, na siku za Ramadhani anazodaiwa lazima azilipe. Kinachobaki ni kuziandika, na kuandika kwa namna inayofaa: siku ya kwanza ya damu ndiyo siku ya kwanza ya mzunguko. Wengi huanza kuhesabu siku ya kuoga, wakapotea kwa siku tano au sita, yaani kiasi kilekile cha siku wanazozitafuta.

Andika angalau mizunguko sita. Chukua ule mfupi kuliko yote, toa 18: hapo ndipo siku za rutuba zinapoanza. Chukua ule mrefu kuliko yote, toa 11: hapo ndipo zinapokwisha. Kama mfupi wako ni 26 na mrefu ni 31, siku zako ni kuanzia ya 8 hadi ya 20. Ni siku 13 kwa kazi ya siku sita, kwa sababu kalenda haikuoni wewe wa mwezi huu. Inakisia kutokana na miezi iliyopita. Kijukuu wake wa kisasa ni shanga zinazoitwa CycleBeads, zilizobuniwa Chuo Kikuu cha Georgetown: punje 32, nyekundu kwa siku ya kwanza ya damu, za kahawia kwa siku ambazo mimba si rahisi, nyeupe kwa siku ya 8 hadi ya 19. Unasogeza pete punje moja kila siku. Zinamfaa tu mwenye mzunguko usioshuka chini ya siku 26 wala kuzidi 32.

Programu za simu nazo nyingi ni kalenda iliyovaa nguo nzuri. Ile rangi inayokuambia "leo ni siku ya yai" imetokana na wastani wa tarehe ulizoingiza, haijaona chochote mwilini mwako. Tumia simu kama daftari, na uifunge kwa namba ya siri ikiwa simu hiyo hupita mikononi mwa watu nyumbani.

Ute

Kama ningeruhusiwa kumfundisha kila binti anayeolewa kitu kimoja tu, ningemfundisha hiki. Kalenda inakisia, ute unatoa habari ya leo. Tena unaitoa kabla ya yai, wakati habari hiyo bado ina faida.

Damu ikikatika, kwa wengi hufuata siku kavu. Kisha hutokea ute mzito unaonata, mweupe au wa manjano kidogo. Homoni za yai linalopevuka zinavyopanda, ute huongezeka, hulainika, mwishowe huwa mwangavu, unateleza, na ukiushika kati ya vidole viwili unavutika kama ute wa yai bichi la kuku. Huo ndio ute unaozibeba na kuzihifadhi mbegu. Siku ya mwisho kuuona wa namna hiyo huwa karibu sana na siku ya yai kutoka. Baada yake ute hukauka ghafla au hurudi kunata. Badiliko hilo unalihisi hata kabla ya kutazama, unapotembea na unapojifuta chooni.

Anayetafuta mtoto, kazi yake ni nyepesi: akiona ute laini, wakutane na mumewe kila siku au kwa kuruka siku moja moja hadi ukauke. Hahitaji kujua tarehe. Mwenye mzunguko wa siku 24 na mwenye wa siku 35 wote wanatumia alama ileile, na hapo ndipo ute unapoiacha kalenda mbali sana.

Asiyetaka mimba ana kanuni ya maswali mawili kila jioni: nimeona ute wowote leo? Niliuona jana? Akijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, leo ni siku ya rutuba. Akijibu hapana kwa yote mawili, mimba si rahisi. Wanaoitumia bila kukosea, wanne kati ya 100 hushika mimba kwa mwaka. Kwa matumizi ya kawaida ya watu, na usahaulifu wao, ni 14.

Kinachoharibu alama hii kwetu ni usafi wa kupitiliza. Kujiosha ndani kwa sabuni au maji ya dawa, kuweka vitu vya kubana na kukausha, hata kujifukiza mara kwa mara, kunaweza kuuondoa ute au kuubadilisha, na kujiosha ndani huvuruga kinga ya uke na kukaribisha maambukizi. Uke hujisafisha wenyewe. Maji ya nje yanatosha. Shahawa za usiku uliopita nazo zinaweza kudhaniwa ni ute, kwa hiyo tazama mchana au jioni badala ya alfajiri. Ukiona ute wenye harufu mbaya, unaowasha, wa kijani au mweupe wa mabonge, huo ni ugonjwa. Nenda kliniki utibiwe kwanza, ndipo uanze kusoma alama.

Kuna wanaoona haya kujitazama. Nawaelewa, lakini mwanamke anayetazama kama damu imekatika ili arudi kwenye swala tayari anajitazama. Huku ni kutazama siku kadhaa zaidi.

Kipimajoto

Yai likishatoka, homoni ya projesteroni hupandisha joto la mwili kwa kiasi cha nyuzi 0.2 hadi 0.5, na joto hubaki juu mpaka karibu na damu. Ukipima kila asubuhi kabla ya kuinuka kitandani, saa ileile, kwa kipimajoto chenye tarakimu mbili baada ya nukta, ukachora, utaona ngazi. Siku tatu mfululizo za juu kuliko sita zilizotangulia ni dalili thabiti kwamba yai limeshatoka.

Limeshatoka, ndiyo. Kwa anayetafuta mtoto mwezi huu, habari imemfikia basi likiwa limeondoka. Faida yake kwake ni nyingine: ikiwa miezi mitatu au minne ngazi haionekani kabisa, huenda yai halitoki, na karatasi hiyo ni kitu cha maana sana kumpelekea daktari. Kwa asiyetaka mimba, kipimajoto ni mlango unaofungwa baada ya hatari kupita, na kikiunganishwa na ute (ute ufungue siku za rutuba, joto lizifunge) unapata njia ya asili iliyo imara kuliko zote hapa: mimba mbili kwa wanawake 100 kwa mwaka kwa matumizi ya kawaida, chini ya moja wakiitumia barabara.

Lakini iulize nyumba yako kama inaiweza. Kipimajoto kinataka usingizi wa angalau saa tatu bila kukatizwa. Mama mwenye mtoto anayelia usiku, muuguzi wa zamu, mfanyakazi wa kiwanda cha Changamwe anayeingia usiku, hawa joto lao litawadanganya. Homa ya malaria itadanganya zaidi. Ramadhani unaamka kwa daku, kwa hiyo pima wakati huo huo wa daku mwezi mzima, kabla hujaingia jikoni. Joto la mji wetu lenyewe si tatizo kubwa, maana unapima mdomoni na si chumbani, ila uliyelala bila feni usiku wa Februari umeme ukiwa umepotea huenda hukulala vya kutosha.

Kijiti cha mkojo

Hiki hupima homoni ya LH, ambayo hupanda ghafla kama saa 24 hadi 36 kabla ya yai kutoka. Unanunua famasi, unachovya kwenye mkojo, unasoma mistari miwili. Mstari wa kipimo ukiwa mzito sawa na ule wa pembeni yake, au zaidi, anza siku hiyohiyo. Usingoje kesho.

Kwa urahisi wa kusoma, kijiti kinaushinda ute. Kwa muda kinaokupa, ute unakishinda, kwa kuwa ute huanza siku kadhaa mapema, na kijiti kinakupa siku moja na ushei. Ukianza kupima ukiwa umechelewa utakikosa kabisa. Chukua mzunguko wako mfupi, utoe 17, uanze siku hiyo: mwenye siku 28 aanze ya 11. Pima mchana, saa ileile, bila kunywa maji mengi kwa muda wa saa mbili kabla ya kupima. Vitunze kwenye pakiti yake mahali pakavu, si bafuni, kwa unyevu wetu huu, na soma tarehe ya kuisha kabla hujalipa.

Kuna wanawake kijiti kinawapotosha: wenye vifuko vya mayai vyenye vijifuko vingi vya maji, hali inayovuruga homoni. LH yao inaweza kuwa juu siku nyingi, mistari ikawaka mara kwa mara bila yai kutoka. Ukiona hivyo acha kununua vijiti na uende hospitali.

Nani achague nini

Pwani ina ndoa nyingi za mume anayesafiri: baharia, dereva wa lori la Malaba na Kampala, aliyeko Ghuba kikazi. Kwa mke wa namna hii anayetaka mtoto, ningempa kalenda ya kupangia ruhusa ya mume miezi kabla, na ute wa kufuata akishafika. Kijiti aongeze kama fedha ipo, hasa mume akiwa na siku chache tu. Na wasikate tamaa ikiwa anaondoka kabla ya yai. Akisafiri Jumatatu na yai likatoka Alhamisi, mimba inaweza kushika yeye akiwa ameshavuka Malaba.

Hapa kuna jambo linalovunja nyumba za watu bure, na nataka kila mume alisome. Umri wa mimba kliniki huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya damu ya mwisho, karibu wiki mbili kabla mimba yenyewe haijashika. Mume aliyerudi nyumbani wiki nne zilizopita akisikia "mimba ina wiki sita", hesabu hiyo inalingana kabisa na kurudi kwake. Isimtie shaka. Ndivyo tarehe ya kujifungua inavyopatikana pia: siku 280 kutoka damu hiyo ya mwisho.

Kwa wanandoa wanaoishi pamoja na hawana haraka, ute peke yake unatosha. Hata bila alama yoyote, wanaokutana kila baada ya siku mbili au tatu mwezi mzima hawawezi kuzikosa siku sita.

Kwa asiyetaka mimba sitaficha maoni yangu: kalenda peke yake haitoshi. Shanga, ambazo ndizo kalenda iliyopangwa vizuri, huwapa mimba 12 kati ya wanawake 100 kwa mwaka katika matumizi ya kawaida. Kijiti nacho hakikuundwa kuzuia, kwa sababu kinapokuonya, mbegu za siku nne zilizopita tayari ziko ndani. Ukitaka njia ya asili, jifunze ute na joto pamoja, ukifundishwa na mhudumu anayezijua, na mume awe amekubali kujizuia au kutumia kondomu siku hizo. Mume asiyekubali, njia hii haipo. Na ikiwa mimba sasa hivi ingehatarisha afya yako, usiiegemee. Kipandikizi cha mkononi hushindwa kwa chini ya mwanamke mmoja kati ya 100. Hakuna yoyote kati ya alama hizi inayozuia virusi vya ukimwi, kaswende wala kisonono.

Wapo ambao kwa sasa hakuna hesabu inayowafaa. Anayenyonyesha hawezi kutumia kalenda, na yai la kwanza linaweza kutoka kabla ya damu ya kwanza kurudi. Kinga ya kunyonyesha ni ya nguvu, ila kwa masharti matatu kwa pamoja: mtoto hajafika miezi sita, damu haijarudi, na hanywi wala kula kingine mchana na usiku. Aliyeacha sindano ya miezi mitatu anaweza kusubiri miezi mingi kabla yai kurejea, kwa wastani kama kumi tangu sindano ya mwisho, na haimaanishi kizazi kimeharibika. Aliyemeza tembe za dharura, mzunguko wake wa mwezi huo umesogezwa, kwa kuwa dawa hizo hufanya kazi kwa kulichelewesha yai. Asichore chochote mpaka damu nyingine.

Ikiwa siku mmezilenga na mimba haijaja

Hata siku zikilengwa sawasawa, wanandoa vijana wana nafasi ya moja kwa nne au moja kwa tano kila mwezi. Miezi mitatu ya kukosa si ugonjwa. Kati ya wanandoa 100, kama 85 hupata mimba ndani ya mwaka. Mke aliye chini ya miaka 35 aende kumwona daktari baada ya mwaka mmoja wa kujaribu, aliyefika 35 baada ya miezi sita, na ambaye damu yake huja ovyo au haiji kabisa asingoje.

Waende wawili. Inaniuma kuona mke wa Kisauni au Majengo anavyozungushwa kutoka kliniki hadi kwa mganga, mawifi wakinong'ona, ilhali mume hajawahi kupimwa hata mara moja. Kombe na dua ziendelee, hazizuii vipimo. Katika karibu nusu ya wanandoa wanaochelewa kupata mtoto, upande wa mume una mchango, na ute, joto na vijiti vyote ulivyosoma hapa havioni upande huo hata kidogo. Kipimo chake ni chepesi kuliko vyote atakavyopitia mkewe: ajizuie siku mbili hadi saba, kisha atoe manii kwenye kichupa safi. Sampuli inatakiwa ifike maabara ndani ya saa moja, ikiwa imewekwa karibu na mwili isipoe. Anayetoka Likoni aulize mapema kama maabara ina chumba cha kutolea hukohuko, kwa sababu foleni ya feri inaweza kuimaliza saa hiyo yote.